Kisu cha mfukoni: tazama wembamba wa bapa kwanza

Kabla hujaenda dukani, andika kila kitu unachokata kwa wiki moja. Orodha ya mtu wa Dar es Salaam au Mombasa haitakuwa na maajabu: selotepu ya katoni, uzi wa mdomo wa gunia la mchele, pakiti ya maziwa, embe, ndimu, kamba ya manila, ganda la waya wa umeme, lebo ya nguo mpya, mkanda wa plastiki uliofunga mzigo. Hakuna hata kimoja hapo kinachodai bapa la sentimita 12 wala chuma chenye unene wa milimita 4. Vyote vinakatika kwa bapa la sentimita 6 hadi 8, jembamba, lenye makali yaliyonolewa vizuri. Wengi hukosea kwa sababu huanzia upande wa pili. Hupenda kisu kwa namna kinavyojaa mkononi, kisha wakifika nyumbani ndipo wanapoanza kukitafutia kazi.

Kisu kinachofaa kubebwa kila siku ni kile ambacho hukumbuki kwamba umekibeba mpaka unapokihitaji, na kikitoka mfukoni kinakata bila kulazimishwa. Mambo hayo mawili, uzito na wembamba, ndiyo ninayoyaweka mbele ya kila kitu kingine.

Wembamba wenyewe una sehemu mbili. Ya kwanza ni unene wa mgongo wa bapa, ambao unauona mara moja. Ya pili ni unene wa chuma pale juu kidogo ya makali, na hiyo ndiyo inayoamua kisu kitakavyokata. Chukua karoti nene, uikate kwa kisu chenye bapa la milimita 4. Makali yanaingia vizuri mwanzoni, halafu mabega ya bapa yanaanza kusukuma pande mbili, karoti inapasuka kwa kishindo kabla makali hayajafika chini, na kipande kinaruka mezani. Sasa ikate kwa bapa lisilofika milimita 2. Linateremka hadi ubaoni kimya kimya, na kipande kinabaki kimelala palepale. Visu vyote viwili vinaweza kuwa vikali sawasawa ukivijaribu kwenye karatasi, kwa sababu karatasi haina unene wa kuubana mgongo. Ndiyo maana jaribio la karatasi dukani halitoshi. Bana bapa kwa kidole gumba na cha shahada pale mgongoni, kisha telezesha vidole kuelekea makali na uviondoe kabla havijayafikia. Bapa zuri linapungua mfululizo chini ya vidole. Bapa baya linabaki nene mpaka karibu na mwisho, ndipo linachongwa ghafla kama patasi.

Mfano mzuri wa wembamba ni Opinel ya Ufaransa. Joseph Opinel alianza kuvitengeneza visu hivi mwaka 1890 huko Savoie, na mpaka leo umbo lake halijabadilika sana: mpini wa mbao, bapa moja, na, tangu mwaka 1955, pete ya chuma inayozungushwa kulifunga bapa lisijikunje. Vinauzwa kwa namba. Namba 6 ina bapa la sentimita 7, namba 7 sentimita 8, namba 8 sentimita 8.5. Namba 8 haifiki hata gramu 60, na bapa lake ni jembamba kiasi kwamba linamenya embe kama kisu cha jikoni. Kwa mtu ambaye orodha yake ya wiki imejaa matunda, mboga, mkate na nyama choma, sioni sababu ya kutafuta zaidi ya hapo.

Ila kisu hicho hakifungui kopo, hakigeuzi skrubu, na mbao yake ina matatizo yake ambayo nitayaeleza. Mtu mwenye orodha iliyochanganyika anafaa kutazama visu vya Uswisi. Karl Elsener alifungua karakana yake Ibach, jimbo la Schwyz, mwaka 1884, akaanza kulipelekea jeshi la Uswisi visu mwaka 1891, na mwaka 1897 akasajili kile kisu cha maofisa ambacho ndicho baba wa visu vyote vyekundu vya Victorinox tunavyoviona leo. Saizi inayofaa watu wengi ni ya milimita 91 kikiwa kimekunjwa. Bapa lake kubwa ni fupi kidogo kuliko sentimita 7.

Ndani ya saizi hiyo kuna matoleo mengi, na hapa ndipo tamaa inapowaponza watu. Spartan ina bapa mbili, kifungua kopo, opena ya soda, msharasi na kizibuo, na uzito wake ni kama gramu 60. Climber inaongeza mkasi na ndoano, inafika gramu 82. Huntsman inaongeza msumeno wa mbao, inafika gramu 97. SwissChamp, yenye karibu kila kitu, ina gramu 185. Ukienda kwenye vifaa vyenye plaizi, kama Wave+ ya Leatherman, unabeba gramu 241. Gramu 241 ndani ya suruali nyepesi zinavuta mfuko mpaka mshono, na ndani ya kanzu ni mateso, kwani mfuko wa kanzu ni mrefu na kitambaa ni chepesi, kwa hiyo kitu kizito kinayumba na kugonga paja kila hatua. Baada ya wiki mbili kinahamia kwenye droo. Fundi umeme au fundi pikipiki anahitaji plaizi na ana mkanda wa kuibebea. Wengine tuishie chini ya gramu 100.

Kama ningelazimika kumchagulia mtu nisiyemjua, ningemchagulia Climber kwa ajili ya mkasi wake. Mkasi mdogo ndio kifaa kinachofanya kazi nyingi kuliko bapa lenyewe: kucha, uzi uliochomoza kwenye shati, plasta ya kidonda, pakiti ya dawa ambayo hutaki kuipasua. Springi yake ndogo ndiyo hufa kwanza, lakini inauzwa peke yake na kubadilishwa nyumbani. Kifungua kopo kina ncha nyembamba inayoingia kwenye skrubu za nyota, hivyo huna haja ya toleo lenye bisibisi ya nyota iliyojitenga. Msharasi una tundu kama la sindano. Ukitoboa gunia au mkanda wa kandambili unaweza kupitisha uzi na kushona palepale. Hata kizibuo, kwa asiyefungua chupa za mvinyo, kina kazi: ncha yake inaingia katikati ya fundo la kamba lililokaza na kulilegeza bila kuikata kamba.

Sasa komeo. Visu vya Uswisi vya milimita 91 havina komeo. Bapa linashikwa na springi ya mgongoni tu, ukilisukuma kwa nguvu linajikunja. Kwa kukata kwa kuvuta, hilo si tatizo hata kidogo. Tatizo linakuja mtu anapochoma kwa ncha, kwa mfano kutoboa dumu la plastiki au kuongeza tundu kwenye mkanda. Ncha inakwama, mkono unaendelea mbele, bapa linarudi kwenye vidole. Kutoboa ni kazi ya msharasi, na hata huo ushikilie ili nguvu ielekee upande unaoufungua, siyo unaoufunga.

Komeo linaongeza usalama, ila ni sehemu nyingine inayoweza kuharibika. Aina inayouzwa sana ni ile ya kibati cha pembeni kinachoruka nyuma ya bapa na kulizuia. Fungua kisu na utazame pale kibati kinapogusa kitako cha bapa. Kwenye kisu kipya kinafaa kiguse robo hadi nusu ya upana wa kitako. Kama kimeshavuka mpaka upande wa pili kikiwa dukani, kimekwisha kabla hujakinunua. Kama kinashika kwenye ukingo tu, kitateleza. Weka vidole nje ya njia ya bapa, kisha gongesha mgongo wake taratibu kwenye ukingo wa meza ya mbao mara mbili tatu. Kikijikunja, mrudishie muuzaji. Baadaye adui ni uchafu. Maji ya embe yakikauka pamoja na vumbi la mfukoni chini ya kibati, komeo linashika nusu nusu bila wewe kujua.

Komeo lina upande wa sheria pia. Ndugu walioko Uingereza wakumbuke kwamba kisu kinachoruhusiwa kubebwa hadharani bila sababu maalumu ni cha kukunja, kisicho na komeo, chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani sentimita 7.62. Opinel namba 8 inaanguka kwa yote mawili, urefu na pete. Kisu chekundu cha milimita 91 kinapita. Ujerumani nayo inabana visu vyenye komeo vinavyofunguliwa kwa mkono mmoja. Kwetu Afrika Mashariki kinachomponza mtu zaidi ni mahali. Usiingie nacho mahakamani, uwanja wa mpira, benki wala shuleni. Kwenye reli ya SGR mizigo inapita kwenye mashine ya ukaguzi, na kwenye ndege kisu kinakaa ndani ya begi linalokwenda chini, kamwe si begi la mkononi. Kisu kidogo chekundu kwenye ufunguo ndicho kinachosahaulika zaidi, na ukaguzi haukirudishi.

Chuma ndicho watu hubishania sana, na ubishi huo huwapoteza wanunuzi wapya. Ugumu wa chuma cha kisu hupimwa kwa kipimo cha Rockwell. Chuma cha Victorinox ni kama 56. Chuma cha Sandvik 12C27 ambacho Opinel hutumia kwenye visu vyake visivyoshika kutu ni kigumu zaidi kidogo. Visu vya bei kubwa vinapita 60. Kadiri namba inavyopanda, makali yanakaa muda mrefu zaidi, lakini kunoa kunakuwa kazi, na makali yanamegeka badala ya kupinda. Mtu mwenye kinoo cha kawaida cha duka la vifaa vya ujenzi ataishi kwa raha na 56 hadi 58. Kinabutuka mapema, ndiyo, hasa ukikata katoni nyingi, maana karatasi ya katoni ina chembe za madini zinazosaga makali. Lakini dakika 5 zinakirudisha. Chuma cha 62 kwenye kinoo hichohicho kitakuchukua jioni nzima, na mara nyingi mwenyewe anakata tamaa na kubaki na kisu ghali kilicho butu.

Pwani, swali la kwanza kuhusu chuma ni kutu. Chuma cha kaboni kinanoleka kwa urahisi wa ajabu na kinapendeza, lakini hewa ya chumvi ya Mombasa, Tanga au Unguja inakitia madoa mekundu usiku mmoja kikiachwa na jasho. Ukikatia ndimu au embe, kinageuka rangi ya kijivu na buluu. Rangi hiyo si kutu, haina madhara, na hata inasaidia kidogo kuzuia kutu, ila siku za mwanzo tunda litakuwa na ladha ya chuma. Anayekaa bara na anayefuta kisu chake kila baada ya kazi anaweza kukichagua kwa amani. Anayekaa pwani, au anayejijua msahaulifu, achukue kisichoshika kutu. Angalieni aina ya chuma iitwayo D2 inayosifiwa sana kwenye visu vya Kichina: ina kromiamu kama asilimia 12, lakini sehemu kubwa imefungwa ndani ya chembe ngumu za chuma hicho, kwa hiyo inashika kutu, ingawa polepole. Na kisu kilichoandikwa "Stainless" tu, bila jina la mtengenezaji wala aina ya chuma, kwa kawaida ni laini mno. Makali yake yanalala upande baada ya embe la tatu.

Dukani, chukua muda. Shika ncha ya bapa lililo wazi ulitikise kushoto na kulia. Mtikisiko wowote unaousikia leo utaongezeka. Kunja kisu ukiangalie kwa mgongo: bapa lilale katikati ya mpini bila kusugua ubavu. Elekeza makali kwenye mwanga wa dirisha. Makali yenyewe hayaonekani, kwa hiyo kila nukta inayong'aa ni sehemu butu au iliyomegeka. Fungua kila kifaa kwa ukucha. Kama ukucha unauma kabla kifaa hakijatoka, springi ni ngumu kupita kiasi. Kama kinatoka chenyewe, ni legevu. Kwenye visu vya Uswisi vya kuigiza, dosari inajitokeza kwenye mkasi kabla ya mahali pengine: jaribu kukata uzi mmoja kwa ncha ya mkasi. Wa kweli unakata, wa kuigiza unautafuna. Jina la kampuni na maneno "Swiss Made" yawe yamechorwa kwenye chuma cha bapa kubwa, pale chini karibu na ekseli.

Kuhusu umbo la bapa sina mengi. Chagua lenye ncha ya kawaida na makali yanayopinda taratibu kuelekea nchani. Kaa mbali na makali ya meno kama ya msumeno. Yanakata kamba vizuri mwezi wa kwanza, halafu huna namna ya kuyanoa nyumbani. Kisu chenye makali yasiyo na meno, kilichonolewa kwa upande wa kwaru wa kinoo, ule wenye chembe kubwa, kinakata kamba ya manila na katani vilevile.

Tufike kwenye kunoa, maana kisu unachoweza kukinoa mwenyewe ndicho kisu chako. Kinoo cha pande mbili, kwaru na laini, kinatosha. Loweka kwa maji, tone moja la sabuni ya vyombo linasaidia chembe zisizibe. Kiweke juu ya kitambaa chenye unyevu ili kisiteleze. Pembe unayoitafuta ni nyuzi 15 hadi 20 kila upande, na huna haja ya chombo cha kupimia: laza bapa kwenye kinoo, kisha inua mgongo kwa theluthi ya upana wa bapa. Bapa lenye upana wa milimita 15 linainuliwa milimita 5, nazo ni nyuzi 20. Ukiinua robo ya upana, karibu milimita 4, ni nyuzi 15. Kwa Opinel ningeshuka kwenye 15 au 17. Kwa kisu cha kufungulia katoni ningebaki 20.

Paka makali wino wa maka peni pande zote mbili, kisha noa mara 3 na uangalie. Wino ukiondoka juu tu, karibu na mgongo, umelaza kisu mno. Ukiondoka kwenye ncha ya makali tu, umeinua mno. Rekebisha mpaka wino unaondoka upana wote. Sasa noa upande mmoja, ukisukuma makali mbele kana kwamba unakwangua ganda jembamba juu ya kinoo, mpaka upande wa pili uhisi kwa kidole ukingo mdogo wa chuma uliokunjika. Uguse kwa kutelezesha kidole kutoka mgongoni kwenda nje, kamwe si kwa kufuata urefu wa makali. Ukingo huo lazima usikike kuanzia kitakoni hadi nchani. Usiposikika sehemu fulani, hapo hujafika, na hakuna ung'arishaji utakaopasaidia. Ukishausikia wote, geuza upande, fanya idadi ileile. Kisha hamia upande laini wa kinoo, ukibadilisha upande kila mara moja, huku ukipunguza nguvu mpaka ubaki na uzito wa kisu peke yake.

Makosa yanayorudiwa ni mawili. La kwanza ni kukandamiza, ambako kunaukuza ule ukingo badala ya kuuondoa. La pili ni kuiacha ncha idondoke nje ya kinoo mwishoni mwa kila mkupuo: baada ya mara chache ncha inakuwa mviringo. Simama ncha ikiwa bado juu ya kinoo.

Kumalizia, geuza kikombe cha kauri chini juu. Ile duara ya kitakoni isiyopakwa rangi ya kung'aa ni kinoo laini cha bure. Pitisha kisu mara 5 kila upande kwa pembe ileile, kwa wepesi, kisha mara 20 kwenye mgongo wa mkanda wa ngozi, ukivuta mgongo wa kisu mbele na makali yakifuata nyuma. Kisu kikikata nyanya mbivu kwa uzito wake bila kuibonyeza, acha hapo.

Wanoaji wa barabarani wenye jiwe la kuzunguka kwenye baiskeli wanafaa kwa mapanga na majembe. Kwa bapa jembamba la mfukoni jiwe kavu ni hatari. Msuguano unapasha makali moto, na makali yakigeuka rangi ya kahawia au buluu, ugumu wake umeondoka. Sehemu hiyo haitashika makali tena mpaka iondolewe yote kwa kusaga.

Utunzaji uliobaki ni mdogo. Mara moja kwa mwezi, au siku kikiingia mchanga, fungua vifaa vyote, kiweke kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni, fungua na kufunga kila kiungo humo humo ndani, suuza kwa maji baridi, kikaushe kabisa, kisha tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila kiungo. Futa bapa kabla ya kukatia chakula. Mafuta ya kupikia yasitumike, pamoja na ya nazi. Yanaganda, yanachacha, na baada ya wiki chache bapa halifunguki. Kisu cha kaboni kinachokaa bila kazi kipake vaselini nyembamba.

Opinel usiiloweke kamwe. Mbao ikinywa maji, au wakati wa masika pwani, mpini unavimba na kulibana bapa kiasi cha ukucha kushindwa. Zungusha pete mpaka mahali pa wazi, kisha gongesha kisigino cha mpini kwenye meza ya mbao, upande ule ambao mgongo wa bapa unatazama. Bapa litachomoza kiasi cha kulishika kwa vidole. Kiache kikauke kivulini siku mbili. Kama bado kinabana, kunja kipande cha msasa laini, sugua kuta za ndani za mfereji wa mpini taratibu, jaribu, sugua tena. Ukishapata nafasi ya unene wa karatasi kila upande, paka mafuta ya kitani ndani ya mfereji, uache yakauke kabla ya kulikunja bapa tena.